Unga wa Wimbi Kwenye Rejeta

Ijumaa hiyo asubuhi, mwalimu mstaafu Ochoki alisimama katika gereji ya pale Keumbu, ameshika kamba ya mtamba, akijua jambo moja ambalo fundi hakulijua. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la kujaa kikombe tu. Jumanne iliyopita alikuwa ametia unga wa wimbi kwenye rejeta ya gari lake.

Usicheke bado. Mzee alikuwa na sababu zake.

Gari hilo kuukuu jeupe, lenye umri wa karibu miaka thelathini, ndilo lililompeleka mkewe, Persis, hospitalini mjini Kisii kila Jumanne na Ijumaa. Huko huunganishwa na mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zilikuwa zimechoka kazi. Kwenda si shida. Shida ni kurudi. Akitoka kwenye mashine Persis hulegea mwili mzima, na siku moja walipojaribu magari ya abiria alizirai mlangoni, kiatu kimoja kikabaki barabarani. Siku hiyo Ochoki aliapa kwamba mke wake hatagombania kiti tena. Teksi nayo, mara mbili kwa wiki, ingekula pensheni yote na kulamba sahani.

Kwa hiyo Ochoki aliishi na gari lile kama mtu anayeishi na mtoto wa kifafa. Alijua kila mlio wake. Kwenye kila mlima, na huku kwetu Gusii ni milima mitupu, jicho moja lilikuwa barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Mshale ukipanda kidogo, alipunguza mwendo.

Na mwezi huo Persis mwenyewe alikuwa anavimba. Miguu ilijaa hata viatu vikakataa, pumzi zikawa fupi. Kabla ya mashine, muuguzi Lavender humpima uzani, akakunja uso, akauliza, "Mama, umekunywa maji kiasi gani tangu siku ile?" Persis hujibu, "Kidogo tu. Ile chupa yenu ndogo moja kwa siku." Mgonjwa wa figo hupimiwa maji, maana yakizidi hubaki mwilini. Lavender huandika. Uzani ulizidi kupanda na daktari hakuelewa kwa nini. Akaanza kutaja kuongeza siku ya tatu kwa wiki. Siku ya tatu! Ochoki aliposikia hivyo alilifikiria gari, akaogopa mambo mawili kwa mpigo.

Sasa turudi Jumanne. Waliporudi kutoka Kisii, Persis akaenda kulala, na Ochoki akaona tone likianguka chini ya rejeta, kisha tone jingine. Alipiga magoti kwenye matope akatazama. Palikuwa na tundu dogo kama la sindano. Mtu mwingine angempigia fundi simu. Lakini Ochoki alikuwa amefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, na hapo ndipo elimu ilipomponza. Akawaza: wanga ukipata maji ya moto hufura na kunata. Tundu ni dogo. Unga wa wimbi ni laini kuliko wa mahindi. Kuna haja gani ya fundi?

Akaingia jikoni kimyakimya. Debe la wimbi lilikuwa limeshuka kuliko alivyolikumbuka, akawalaani panya, akachota kikombe kimoja. Alipowasha injini, tone lilikoma. Mzee alisimama pale uani akapiga mluzi wa wimbo wa kanisani, amejawa na furaha kama aliyegundua umeme.

Furaha hiyo iliishi siku mbili. Alhamisi alishuka Keumbu kununua dawa ya mifugo, na alipokuwa anapanda kurudi, mshale ulienda juu moja kwa moja, boneti ikatoa mvuke, gari likazima. Vijana wa bodaboda walilisukuma hadi gereji ya Nyasani.

Nyasani alikuwa mwanafunzi wake zamani. Hilo ndilo lililoharibu kila kitu. Alilizunguka gari polepole, akagusa mipira ya maji, akachungulia chini, akafungua kifuniko lilipopoa.

"Mwalimu, hii gari haivuji hata kidogo," alisema. "Maji iko, fani inazunguka, pampu iko sawa. Na bado inachemka. Hapo ni gasketi ya hedi, hapa juu ya injini, imeungua."

"Maji yana rangi ya udongo," Ochoki alisema, akijaribu kumsogeza karibu na ukweli bila kumfikisha.

"Hiyo ni kutu. Gari imezeeka, mwalimu." Kisha Nyasani akamtazama. "Kuna kitu uliweka ndani? Yai, dawa ya kuziba, kitu yoyote?"

Ochoki alifungua mdomo, na papo hapo akajiona mbele ya darasa la saba, chaki mkononi, akiwachekesha watoto kwa habari za madereva wanaopasua mayai kwenye rejeta. "Gari si mgonjwa wa kulishwa!" alikuwa akisema kila mwaka, na darasa zima hucheka. Mwaka wa Nyasani, Nyasani ndiye aliyecheka mpaka akaanguka kwenye dawati.

"Maji tu," alisema Ochoki.

Basi hesabu ikapigwa kwa ugonjwa ambao pengine haukuwepo. Kufungua injini, kupeleka hedi Kisii ikasawazishwe, gasketi mpya, oili mpya: elfu thelathini na tano, na gari litoke Jumatatu jioni. Ochoki hakuwa na thelathini na tano wala kumi. Bonasi ya mwaka ya majani ya chai yao ilikuwa mbali bado. Alipomweleza Persis, mkewe alisema, "Mtamba yupo."

Mtamba alikuwa wa Persis. Alimnunua kwa pesa za chama chake cha akina mama, akamlea tangu ndama, na sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kila jioni, hata miguu ikiwa imevimba, alitoka na kijiti chake kwenda kumkuna shingoni. Ochoki alilisikia neno "yupo", na bado hakuutaja unga. Alijiambia kwamba huenda fundi hajakosea, huenda kweli ni gasketi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Na ndivyo Ijumaa saa mbili ilivyomkuta pale gereji na kamba mkononi. Nyasani alikuwa amevaa ovaroli, amepanga spana zake juu ya gunia. Persis alikuwa ameletwa na bodaboda taratibu, ameketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa, leso mabegani. Saa nane alitakiwa awe kwenye mashine. Walipanga wakilipwa pesa za mtamba wakodi teksi ya siku hiyo, zilizobaki wamwachie Nyasani.

"Mwalimu," Nyasani alisema akipangusa mikono, "nisamehe nikiuliza tena. Ni wewe ulitufundisha: uliza kwanza, fungua baadaye. Hakuna kitu uliweka?"

Vijana watano wa bodaboda walikuwa wamejipanga ukutani kutazama, kama kawaida yao palipo na injini wazi. Ochoki aliwaona.

"Nimeshakwambia. Maji."

Mara ya pili hiyo. Yeye mwenyewe, mzee wa kanisa, alijua habari za Petro, na jogoo wa mama wa hoteli jirani alipowika akashtuka mpaka mtamba akavuta kamba.

Masese, dalali wa ng'ombe, akafika. Alimtazama mtamba meno, akambonyeza tumbo, akataja thelathini. Ochoki hakuwa na moyo wa kubishana. Persis ndiye aliyesema kwa sauti ndogo, "Ana mimba, Masese. Ongeza tatu." Masese akaongeza mbili, akatoa bunda la noti mfukoni, akaanza kulamba kidole na kuhesabu.

Persis akainuka. Ilimchukua muda. Akamfikia mtamba, akamkuna pale pale shingoni, kisha akaichukua kamba kutoka mkononi mwa mumewe ili aikabidhi mwenyewe. Hakulia. Laiti angelia! Alimwambia mumewe tu, "Mnyama ni mnyama. Baba Ashley, usihuzunike. Wewe umefanya kila uliloweza."

Nyasani aliweka spana kwenye bolti ya kwanza, akaegemea. Kisha, kwa ile heshima yake ya kuchosha, akageuka tena.

"Mwalimu, nikilegeza hii hakuna kurudi nyuma. Hata kama gasketi ilikuwa nzima, lazima inunuliwe ingine. Nilegeze?"

Ochoki alihisi jasho likimtiririka mgongoni, na asubuhi za Keumbu si za jasho. Alimwona Masese akifika noti ya mwisho. Aliwaona vijana ukutani. Aliuona mkono wa Persis, ule wenye mshipa uliovimba kwa sindano, umeshika kamba.

"Shusha spana," alisema.

"Mwalimu?"

"Shusha. Niliweka unga."

"Unga gani?"

"Wa wimbi. Kikombe kimoja. Jumanne. Ilikuwa inavuja na mimi... nikaona... wanga hufura."

Halafu ukuta wote wa bodaboda ukalipuka.

"Mwalimu amepikia gari uji!"

"Na sukari, mwalimu, uliweka?"

"Yaya wa gari, si ungengoja uji upoe!"

Ndicho kicheko alichokikimbia tangu Alhamisi, na sasa kilikuwa juu yake chote. Masese hakucheka, alizirudisha noti mfukoni kwa hasira za mtu aliyepotezewa asubuhi. "Mficha uchi hazai, mzee," alisema, akaenda zake. Nyasani naye hakucheka. Alikuwa ameukodolea macho mkono wake juu ya bolti.

"Ningefungua," alisema polepole. "Ningepata gasketi nzima, na ng'ombe imeenda. Mwalimu, mimi siwezi kuona ndani ya chuma. Naona kile mwenye gari ananiambia."

"Najua," alisema Ochoki, na hakuweza kumtazama.

Rejeta ilishushwa. Nyasani aliigeuza juu chini, akatia mpira wa maji kwa nyuma, na kwanza hakikutoka kitu. Kisha yakaanza kuanguka mabonge ya rangi ya kahawia, mazito, yaliyoiva sawasawa. Harufu ya uji ikatanda gereji nzima. Mama wa hoteli alikuja mlangoni kuuliza nani anapika. Hapo ndipo Persis alipocheka, akacheka hadi akashika mbavu, akaketi chini huku machozi yakimtoka, na Ochoki akacheka naye, maana alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu mwaka jana.

"Kikombe kimoja tu?" Persis aliuliza alipopata pumzi.

"Kimoja, naapa. Vingine vilivyopungua ni panya. Panya wamemaliza nusu ya debe, mama."

Persis akaacha kucheka. Aliyatazama maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka kwenye mpira, akayatazama muda mrefu, akajilamba midomo iliyokauka. Ochoki alidhani amechoka.

Kufika saa sita tundu lilikuwa limechomelewa, mipira imefungwa, maji safi yamejazwa. Nyasani aliwasha injini wakasimama wote kuuangalia mshale. Ulipanda, ukafika katikati, ukatulia. Alichukua elfu mbili na mia tano, akakataa zaidi. Mtamba alirudishwa nyumbani na kijana mmoja wa bodaboda, kwa miguu, huku wenzake wakimpigia honi.

Ochoki aliliendesha taratibu kuelekea Kisii. Kila mlima aliutazama mshale, nao haukusogea, lakini woga ukishazoea kiti hauondoki haraka. Persis alikuwa ameegemea dirisha, pumzi zake zikisikika juu ya injini. Mara mbili aligeuka kama anayetaka kusema neno, mara mbili akageukia dirisha.

Hospitalini Lavender alimpandisha kwenye mizani. Alitazama namba, akakunja uso kuliko siku zote. Kilo nne na nusu juu, kwa siku tatu.

"Mama Ashley, hii si kawaida. Daktari amesema leo tuamue hiyo siku ya tatu." Alifungua faili, akashika kalamu. "Maji, tangu Jumanne?"

Alikuwa ameshajua jibu, na kalamu ilikuwa imeshaanza kuliandika.

Persis alimtazama mumewe. Kucha za Ochoki zilikuwa bado na uji uliokauka.

"Vikombe vinne kwa siku," alisema Persis. "Pengine vitano. Na uji."

Kalamu ikasimama. "Uji wa nini?"

"Wa wimbi. Bakuli kubwa. Huyu akienda kuchuma chai, mimi napika. Kiu inaniua, mwanangu, nyinyi hamjui. Naamka nikiota mto." Alivuta leso mabegani. "Niliogopa mtasema mimi ni mkaidi, mniondoe kwenye mashine."

Ochoki alishika ukingo wa mizani, na namba za Persis zikarukaruka. Debe lilikuwa jikoni kwake muda wote, likishuka mbele ya macho yake, mwalimu wa sayansi, naye akawalaani panya. Alitaka kukasirika, akakumbuka spana juu ya bolti.

"Hakuna mtu atakuondoa," Lavender alisema. Alivuta kiti, akaketi mbele ya Persis, akakata mstari mmoja kwenye faili, kisha akarudi kurasa za nyuma, akaanza kukata na ile ya wiki zilizopita.

"Sasa niambie tena, mama," alisema. "Polepole, tangu mwanzo wa mwezi."