Uzi Uliokatwa kwa Meno

Asubuhi mwanga huingia kwa dirisha moja, nao huja na vumbi lake. Si vumbi la barabarani, hapana. Ni vumbi la nguo: nyuzinyuzi nyekundu, za buluu, nyeupe, zikielea kwenye mwale kama vijinyota visivyojua pa kutua. Chini yake cherehani mbili, na mafundi wawili, mtu na shoga yake. Mmoja hukata na kuunga. Mwenzake hupiga pindo na kushona vifungo. Miaka yote hiyo mguu ukikanyaga, gurudumu likizunguka, kicheko juu ya kicheko.

Siku hiyo yule wa kukata aliamka na ndoto.

Aliota amevaa gauni jeupe, jeupe pe, na kifungo cha kifuani hakipo. Ukaja mkono, mkono tu bila uso, ukamshonea. Sindano ikaingia, sindano ikatoka, wala haikumchoma.

Marehemu mama yake alimfunza: ndoto imening'inia mguuni pa ndege, mwanangu, ikishafasiriwa, huanguka. Usimsimulie ila akupendaye. Akamfunza na nguo za ndotoni: kanzu ndefu ni dini iliyotimia, nguo chafu ni majonzi, na nguo ya mwilini ni mume, maana Mola alisema wao ni vazi lenu, nanyi ni vazi lao.

Akupendaye. Nani tena, kama si shoga?

"Heri, shoga, heri tupu!" akaambiwa, kwa sauti iliyopita kando ya uzi. Maana huyo mkasi haujui. Uzi wake huukata kwa meno, kat, kama panya mwenye adabu. "Nguo ni mume. Kifungo kikishonwa, ndoa imeshikamana. Mwaka huu mtapendana mpaka mtukere!"

Wakacheka. Ndege akatikisa mguu. Ndoto ikaanguka.

Lo, ikaanguka!

Kanzu ya mumewe ilikuwa imepoteza kifungo. Mke fundi wa mtaa mzima, mume anatembea kifua wazi, mganga hajigangi. Alishachagua kifungo cha kufanana nacho, akakitia kikoponi, kesho nitashona, kesho nitashona. Siku ya kufua akainyanyua kanzu, na kifungo kipo. Uzi umezungushwa shingoni mwake, fundo limefichwa chini, na ncha, ee ncha, imechanikachanika, haikuonja mkasi.

"Nani kakushonea, mume wangu?"

"Aa, fundi wa njiani tu," akasema mumewe, akitafuta viatu vilivyokuwa miguuni mwake. "Chapuchapu. Hata kanzu sikuivua."

Hata kanzu hakuivua. Na uzi ulikatwa kwa meno.

Meno yakifika kifuani, uso umelala wapi? Mdomo umelala wapi? Uliza, moyo, uliza; kisha nyamaza, jibu unalo.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Naye miaka yote akidhani wanasema chawa.

Asubuhi cherehani zilikuwa mbili kama jana.

"Umeota nini tena, shoga?"

"Nimeota nimeamka."

Akaitoa ile kanzu, imefuliwa, imepigwa pasi, mikono imekunjwa kifuani kama mtu anayesali. Akaiweka juu ya meza ya mwenzake. Hakulia, machozi hutia nguo madoa.

"Ulinifasiria vizuri. Kimeshonwa, kimeshikamana. Hukusema tu kwa mkono wa nani. Pindo nalo limefumuka, malizia ulichoanza. Nguo nimekuachia."

 Uzi ulikuwa katikati ya meno ya shoga, na meno yakakataa kukutana. Akanyoosha mkono.

"Nipe... nipe mkasi, shoga."

Akampa, mpini mbele, kama alivyofunzwa na mama: hata adui humpi ncha.

Kisha akaketi kwenye kiti chake, akakanyaga, gurudumu likazunguka. Mwanga ukaingia kwa lile dirisha moja, na vumbi ndani yake. Safari hii lilijua pa kutua. Lilimtua mabegani, taratibu, uzi kwa uzi, mwekundu, wa buluu, mweupe: nguo isiyokatwa na mtu, isiyo na kifungo cha kudondoka, isiyoazimika.

Mama hakuwahi kumfasiria nguo hiyo. Akaivaa, macho wazi.