Shati Lililorudi Laini

Mtaa mzima walimwita Mama Povu, na wala halikuwa jina la dharau. Alikuwa dobi, tena dobi wa kweli, si hawa wanaolowesha nguo na kuzianika wakadai wamefua. Enzi za maji ya mto, kipande kidogo cha sabuni kilimtosha beseni zima, povu likampanda mpaka viwikoni, watoto wakaja kulichota wachezee.

Kisha jiji likaacha mto, likachimba visima virefu. Watu wa maji wakapita wakisema maji ni salama, ila ni magumu kidogo. Kidogo! Mabirika yaliota ukoko mweupe ndani, mabomba ya kuogea yakaziba matundu, nywele za wanawake zikakatika ovyo. Na sabuni ndiyo usiseme. Uisugue mpaka mkono ufe ganzi, hupati povu. Unapata utando wa kijivu unaoelea juu ya beseni na kung'ang'ania kwenye kola. Mama Povu akabaki na jina tupu. Wenye midomo yao wakasema povu bado analo, ila siku hizi analitolea mdomoni, na hapo hawakumsingizia, maana maji yale yalimfanya awe na hasira za karibu.

Hakukubali kushindwa. Aliongeza sabuni, akaongeza magadi, mikono ikambabuka. Mashati ya mumewe ndiyo aliyoyatilia magadi mara mbili ya yale ya wateja, kwa sababu mumewe alikuwa kinyozi, na kinyozi husimama mbele ya kioo kutwa nzima watu wakimtazama. Alitaka kila anayekaa kwenye kile kiti ajue kwamba mwanamume huyu ana mke.

Sasa sikiliza. Jioni moja kinyozi alirudi nyumbani, akavua shati, dobi akalipokea kama kawaida. Mkono ukashtuka kabla ya moyo. Asubuhi lilitoka gumu, karibu lisimame lenyewe. Jioni lilimlalia kiganjani, laini, na halikunuka magadi hata chembe. Shati lililovaliwa kutwa halirudi safi kuliko lilivyotoka, labda dunia iwe imepinduka. Kuna mkono mwingine umelifua.

Mwanamke mwingine angetafuta harufu ya manukato. Yeye alitafuta maji. Nani mtaani ana maji laini? Hakuhitaji kuuliza. Juu kabisa ya jengo ambalo kinyozi alikodi chumba cha chini cha kunyolea, aliishi mjane mwenye mapipa ya kukingia mvua, yamejipanga chini ya mfereji wa paa. Mjane mwenyewe alikuwa mnene, mcheshi, ngozi inang'aa kama hajawahi kukutana na bomba la jiji hili. Dobi alikuwa akimwona kila siku na kumsalimia vizuri tu. Siku ile alimwona upya, na roho ikamuuma. Alimwonea wivu ngozi yake, akamwonea wivu nywele zake na mapipa yake, lakini zaidi ya yote aliionea wivu ile mikono. Angemwibia mume kwa sura, basi, sura ni majaliwa. Lakini amwibie kwa kufua! Yeye, Mama Povu!

Usingizi ukamruka. Mume akimwuliza ana nini, anajibu hana kitu, huku anamkata jicho. Mume naye siku hizi alikuwa na tabia ya kushinda na taulo shingoni hata akiwa nyumbani, na dobi alidhani ni mazoea ya kazi tu. Kesho yake mchana, wakati kinyozi hufunga mlango akale, dobi aliacha nguo za watu ndani ya maji akapanda ngazi za lile jengo bila kupumzika.

Huko juu aliyaona kwa macho yake. Mumewe amekaa kwenye kigoda na fulana, kikombe cha chai mkononi, taulo lake shingoni. Mjane amesimama kwenye kamba, anabana shati kwa vibanio. Na penyewe pale anapobana ni kwenye kola.

Lo, povu lilimtoka! Alimwita mjane mwizi wa waume, akamwambia kama marehemu alimwacha mapema asijifutie machozi kwa mashati ya watu, akayasema mengine ambayo siyarudii hapa. Milango ikafunguka ngazi nzima, watu wakachungulia. Kisha akamgeukia mumewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Wazee hawakukosea."

Kinyozi akaweka kikombe chini. Akavua taulo.

"Hawakukosea," akasema. "Hebu tazama."

Shingo yake yote, pale kola inapozunguka, ilikuwa nyekundu, imechubuka kwa kujikuna, na vipele vimeshuka mpaka kwenye mabega. Akaeleza polepole, bila ugomvi, kwamba sabuni haitoki kwenye nguo kwa maji yale, na magadi yanamuunguza. Kwamba alimwomba huyu dada ndoo moja ya maji ya mvua, shati analisuuza mwenyewe, mwenzake anamsaidia kulianika tu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mke wangu? Wewe ni dobi."

Afadhali angemkuta na mwanamke. Kwa mwanamke angejua la kufanya: angelia, angegomba, angerudi kwao akafuatwa. Kwa hili hakuwa na pa kushika. Alisimama na mikono yake iliyobabuka, akiiona kwa mara ya kwanza kama mikono ya mtu aliyemuumiza mumewe kila siku, tena kwa mapenzi.

Mjane hakupaza sauti. Alilianua shati lingali likichuruzika, akalikamua, akalikunja vizuri, akampa dobi mkononi.

"Mdogo wangu, mimi sina mume wa kunitetea. Nilibaki na heshima yangu tu, na leo umeimwaga ngazini. Mumeo asipande hapa tena."

Dobi alijaribu kuomba radhi, lakini maji yakimwagika hayazoleki, yawe magumu, yawe laini. Mlango ulifungwa.

Nyumbani alilifua shati lile kwa maji ya bomba, maana hakuna mengine. Safari hii hakutia magadi kabisa, sabuni akaigusisha tu, akalisuuza mpaka mgongo ukamwuma. Likakauka gumu vilevile. Asubuhi mumewe akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi cha juu, akamshukuru, akasema limetakata. Alipofika mlangoni mkono wake ukapanda kuelekea shingoni. Akageuka, akaona mkewe anamtazama, akaushusha taratibu akautia mfukoni.

Dobi alitamani heri angejikuna.