Sentensi Mbili kwa Wakala

Lorna alikuwa ameapa hatakanyaga tena nyumba ile ya mjini Hull, lakini shida haina adabu. Wakala wa waandishi aliyemtaka, huko London, alipokea miswada mwezi wa Januari tu, na Januari ilikuwa inaishia jioni ile. Bila wakala, wachapishaji wa huko hata bahasha hawafungui. Riwaya ilikuwa tayari. Barua ya kuitambulisha ndiyo iliyomshinda. Na mtu pekee aliyemjua ambaye aliwahi kuajiriwa kuchambua barua za namna hiyo alikuwa dada yake mkubwa, Beverley.

Beverley alimpa chai bila biskuti, akaivuta kompyuta.

"'Samahani kwa kukupotezea muda,'" alisoma. "Unabisha hodi huku unaaga? Futa."

Lorna akafuta.

"'Mama mkwe wangu aliisoma akalia.' Alilia kwa adhabu ya kuisoma. Futa. 'Riwaya hii inahusu familia, kumbukumbu na ukimya.' Hii nayo ni nini, mahubiri ya mazishi?"

"Ndiyo maudhui yake, Bev."

"Wakala hauzi maudhui. Nani, anataka nini, nani anamzuia. Sentensi mbili! Umekaa na kitabu miaka yote hiyo na hujui kinahusu nini?"

"Najua."

"Basi sema! Au ndiyo yale yale, Lorna mdomo mzito, mpaka watu wakusemee?"

Damu ilimpanda Lorna kichwani. Aliichukia sauti ile tangu utotoni, na leo aliichukia zaidi kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Akaivuta kompyuta, akaandika, akamgeuzia.

*Mwanamke anamshawishi mama yake mgonjwa atie saini kumwachia yeye peke yake nyumba. Mdogo wake anataka haki yake.*

Beverley aliisoma mara mbili. Buli la mama yao lilikuwa bado pale pale jikoni, juu ya jokofu.

"Futa," alisema Beverley.

"Kwa nini? Nani, anataka nini, nani anamzuia. Si umenifundisha wewe?"

"Futa, mshenzi wewe! Unakunywa chai yangu huku unanivua nguo mbele ya London nzima?"

"Chai ya nani? Kwenye nyumba ya nani?"

Beverley alisimama.

"Haya, tuma. Lakini kama unauza ukweli, uuze wote. Andika kwamba huyo mdogo mtu alikuja kuzika, hakuja kuuguza. Nani alikuwa anambadilisha mama nepi? Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unaandika!"

Lorna alitamani kumrushia kikombe. Badala yake, na huu ndio ubaya wa waandishi, alisikia kwamba sentensi ile ndiyo iliyokuwa ikikosekana kwenye barua. Kitabuni ilikuwemo, lakini alikuwa ameizika chini ya kurasa mia tatu. Akaiandika neno kwa neno.

*Alikuja kuzika, hakuja kuuguza.*

Beverley alisoma huku machozi ya hasira yakimtoka.

"Sasa ndiyo barua," alisema. "Ningekuwa bado kazini, ningekuitisha kitabu kizima kesho asubuhi. Toka nyumbani kwangu."

Lorna akaituma, akavaa koti. Kizingitini samahani ilimjia ulimini, ile ile aliyofutishwa. Alipogeuka aiseme, mlango ulikuwa umeshafungwa.