Risasi ya Pili

Pili hakuwa bubu, ila maneno yake aliyaweka kwenye vikaratasi. Tangu ateremke kutoka Kinole kuja kujifunza ufundi kwa Mzee Bartholomeo, Morogoro mjini, akiwa na lolote la kusema aliliandika na kuliacha mahali litakapoonekana. Shule aliiachia darasa la nne, hivyo aliandika kwa herufi kubwa tupu, zilizoinamiana kama mahindi baada ya upepo. Mzee alizisoma bila kucheka. Watu wa mjini walishaiga lafudhi yake ya mlimani mara mbili tatu, na mara mbili tatu zilimtosha.

Mdomo ulikuwa mzito, mikono myepesi. Mzee, fundi wa simu za reli aliyestaafu, alikuwa na leseni ya redio za ridhaa, zisizo za biashara, na wawili hao waliunda vibodi vya redio vidogo kama kiberiti, visivyokula umeme zaidi ya taa ya sola. Kimoja kilibaki mjini, kingine kilipelekwa mbali. Mtu akisema kwenye redio ya mkono huku, sauti ilisafiri kwa intaneti na kutokea kwenye redio ya mwenzake kule. Sasa ilikuwa zamu ya Kisaki, ambako mtandao wa simu ulishika mahali pamoja tu. Kibodi kikikaa pale, wa mashambani nao wangesikika mvua zikikata barabara.

Kibodi cha Kisaki kilikuwa cha kwanza Pili kukiunda peke yake, nacho kilikuwa na siri. Kwenye kiungo cha mwisho risasi ya kuchomea waya ilimwishia. Akakwangua makombo kutoka redio mbovu, akayayeyusha, na tone likaganda likiwa limefifia kama jicho la samaki wa juzi. Alinyamaza. Likiachia njiani, mzee angekuwa amesafiri bure, na Pili hakuona ni kwa nini angepewa kibodi kingine maishani.

Ndiyo maana, mzee alipoondoka alfajiri, Pili alichomeka kikaratasi kwenye mfuko wa begi lake.

Saa nane mchana redio ikakwaruza.

"Pili, Pili. Bartholomeo hapa. Unanisikia? Ova."

Mabega ya Pili yakashuka. Tone lilikuwa limeshika. Kabla hajabonyeza kitufe, ikaingia sauti nyingine, nzito.

"Wewe wa huko. Mimi Severini, mkuu wa zamu, kizuizi cha wanyamapori njia ya Kisaki. Nimemshika mzee wako na kidude chenye nyaya, nikamwambia akiwashe nisikie. Leseni yake ya redio nimeiona, haisemi kitu juu ya hii karatasi. Nasoma: MZEE RISASI IMEISHA. NUNUA NYINGI KABLA HUJAINGIA PORINI. KISU NIMEKUWEKEA." Akapumua. "Mzee anasema hakuwa ameiona, na kwamba ni mambo ya redio. Kila ninayemkamata huku ana mambo yake. Gari la polisi liko njiani kumchukua. Nani kaandika?"

Jesca, fundi cherehani waliyegawana naye baraza, akasimamisha mashine. "Pili mdogo wangu, umemtuma babu wa watu akaue tembo?"

Pili akapapasa meza akitafuta kalamu. Jesca, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa cha kutoa, akainyakua redio.

"Afande, usihangaike. Risasi ni za kazi tu. Hapa tunazichoma kila siku."

"Mnazichomea wapi?"

"Hapahapa barazani, watoto wakipita."

"Dada, mpe redio aliyeandika."

Pili aliishika kwa mikono miwili. Kwa kuwa hakujua aanzie wapi, alianzia pale kila mtoto wa Kinole anapoanzia.

"Shikamoo afande."

"Marahaba." Ilimtoka yenyewe, kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

"Risasi si ya bunduki," Pili alisema, na lafudhi ya mlimani ikaja yote. "Ni ile inayoyeyuka, ya kuunganishia waya. Kisu ni cha kumenyea hizo nyaya."

"Hayo mzee ameshaniambia. Nitajuaje hamkupanga?"

Hapo Pili akajua cha kusema, na kilimuuma.

"Fungua kifuniko, afande, ugeuze kibodi taratibu. Kona yenye waya mwekundu, matone yote yanang'aa, moja halina mng'ao. Hilo mzee halijui, nilimficha. Risasi iliniishia hapo, nikabandika makombo. Nilitaka anunue nyingine, ili likiachia alirudie mwenyewe."

Pili aliviwaza vidole vya askari vikilikaribia tone lile. Likitingishika tu, sauti ingekatika, na mzee angebaki na karatasi ile.

"Nimeliona," alisema Severini, na sasa sauti yake ilikuwa na kicheko. "Baya kweli. Mzee naye analitumbulia macho. Chukua redio yako, baba. Hilo gari nalirudisha."

Pili akakaa chini kwenye vitambaa vya Jesca.

"Pili." Ilikuwa sauti ya mzee.

"Naam, mzee."

"Siku nyingine uniambie. Tone baya, lakini limeongea. Kisaki nitafika kabla ya magharibi, nitatafuta fundi anipe risasi kidogo."

"Mzee," alisikika Severini kwa pembeni, "hilo neno usilitaje hapa."

"Umesikia? Kuanzia leo kwenye vikaratasi vyako andika lehemu. Ova."

Jesca alikuwa ameinamia cherehani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko. Pili akaitazama redio, kisha akabonyeza kitufe bila kusukumwa na mtu.

"Mzee, lehemu inaandikwa kwa H, au bila?" Akaachia kitufe, akakumbuka, akakibonyeza tena. "Ova."