Kisigino Kwenye Mbao za Veranda

Kitu cha kwanza nilichoona asubuhi ile kilikuwa alama ya gambuti. Kisigino chake kilikuwa na kiraka cha tairi, na kiraka chenyewe kilikuwa kimejichora wazi kwenye mbao za veranda, katikati ya weusi uliokuwa unang'aa.

Siku iliyotangulia mbao zilikuwa safi. Nilikuwa nimeshinda nimepiga magoti nikitoa kuvu iliyoota chini ya vyungu vya maua wakati wa mvua. Nilitumia maji moto, sabuni ya vyombo na brashi laini, nikifuata mistari ya mbao. Si mbao za mti zile. Ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, na fundi aliyezipigilia alituambia tusizipake kitu chochote.

Mzee Wanjohi, bwana wa nyumba niliyofanya kazi, hakuwepo fundi akisema hivyo. Alikuwa shambani Soy, na kule kila nguzo na kila lango hupakwa oili chafu ya lori ili mchwa wasile. Jioni ile aliporudi nilikuwa naanua nguo. Nilimwona akisimama kwenye veranda na gambuti zake, akitazama zile mbao nilizoosha.

"Zimekauka hizi," alisema peke yake. "Zitaliwa."

Kisha akaenda upande wa gereji, na mimi nikaingiza nguo ndani.

Asubuhi mkewe, Mama Vivian, alitoka na kikombe cha chai mkononi.

"Warigia! Hii ni nini?"

Nikainama.

"Umepaka oili ya gereji ukidhani ni polishi ya sakafu! Hiyo ndiyo akili ya darasa la nne. Na tena ukavaa gambuti za Mzee!"

"Sikuvaa, Mama."

"Zilitembea zenyewe?"

Vivian, bintiye, alicheka kutoka mlangoni. Watu wa mchumba wake walikuwa waje Jumamosi kwa ruracio, kuleta mahari, na mamake alitaka wakae pale pale kwenye veranda.

"Mum, labda alitaka zing'ae kama uso wake," alisema.

Mzee Wanjohi alikuwa mezani akikoroga chai. Mama Vivian akamgeukia.

"Baba Vivian, wewe ndiye ulimpa huyu viatu vyako?"

Alikoroga tena, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Mimi nimetoka Soy nimechoka," alisema. "Mambo ya nyumba ulizeni wenye nyumba."

Mama Vivian akanirudia. "Jumamosi, kama hii kitu bado iko hapa, wewe hauko."

Kule mtaa wa Huruma, nilikotoka, shangazi alikuwa ameshampangishia mtu mwingine kitanda changu. Kwa hivyo nilichukua ndoo.

Kwanza nilimwaga vumbi la mbao ili lifyonze oili, nikafagia, nikamwaga tena. Halafu maji moto na sabuni. Ilikuwa inatoka. Polepole, lakini ilikuwa inatoka, kwa sababu plastiki hainywi oili kama mti. Mama Vivian akachoka kungoja. Aliniletea brashi ya waya.

"Fundi alisema waya inakwaruza," nilisema. Sijui nilipata wapi sauti.

"Fundi ni mume wako? Sugua!"

Nikasugua. Mbao za pembeni zikakwaruzika, na oili ikaingia ndani ya mikwaruzo. Kuanzia hapo sabuni haikufanya kitu.

Ijumaa alasiri nilikuwa nimebakisha kipande kilichokuwa na ile alama. Huko brashi ya waya haikuwa imefika. Mzee Wanjohi alitoka na slipa, akatazama nyuma kuona kama mkewe yuko karibu, akanyoosha kidole.

"Hapo kwa kisigino," alisema. "Hapo sugua vizuri."

Alisimama akinitazama. Nikachukua brashi laini, nikasugua mpaka kiraka cha tairi kikaisha.

Jumamosi ile pembe iliyokwaruzwa ilikuwa bado nyeusi. Mama Vivian aliifunika kwa mkeka na kuweka chungu cha maua juu yake. Kisha akaja jikoni.

"Funga nguo zako. Wageni wasikukute."

"Mama, naomba..."

"Unaomba nini? Nilikwambia."

Mzee Wanjohi alinifungulia lango mwenyewe, amevaa suti ya rangi ya majivu. Wageni walikuwa hawajafika.

"Haya, msichana wangu," alisema. "Mungu akutangulie."

"Asante, Mzee."

Hayo tu ndiyo niliyosema. Mengine sikumwambia yeye wala mtu yeyote, na sasa nayasema. Mzee, mbao ulipaka wewe. Na kile kisigino chako nilikisugua polepole ili upate muda wa kusema.