Mzigo wa Fyuzi

Katika kiwanda kile cha mikate kulikuwa na sheria isiyoandikwa: anayeingiza mkono kusafisha mashine ya kukandia unga, fyuzi ya umeme wake huing'oa na kuiweka mfukoni mwake mwenyewe. Ndugu wawili walifanya kazi humo, na siku hiyo mfuko wa kitindamimba ulikuwa umetoboka. "Nishikie, kaka," alisema. Kaka akaipokea, akaitwa kupakua tanuri, akarudi na mawazo yake, na mkono uliozoea ukairudisha fyuzi mahali pake. Mashine ikazunguka. Mdogo wake alikatwa mkono wa kulia juu ya kiwiko.

Tangu hapo kaka hakukanyaga kwa mdogo wake. Chakula hakikupita kooni. Alianza kuitazama dawa ya panya kama mchovu anavyotazama kitanda. Dada yao alipoikuta chini ya mto, alimburuta hadi kwa mshauri wa hospitali, mama wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Kila mtu ananiambia ajali haina kinga," kaka alimwambia. "Haya, sema na wewe."

"Sisemi. Fyuzi uliirudisha wewe."

Alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Hakuna aliyewahi kuthubutu.

"Basi nife?"

"Ukifa, mkono utaota?"

"Hautaota."

"Mzigo huo ni wako, baba, siwezi kukutua. Nataka kujua utaupeleka wapi."

Alitoka amefura kwa hasira, na miguu ikampeleka alikokuwa akikwepa kwenda. Kitindamimba alikuwa ameketi kitandani, kifua wazi, akipigana na vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto.

"Oho, mgeni rasmi! Umekuja kulia? Mama kashalia humu mpaka tunakinga kwa ndoo."

"Sikuja kulia."

"Sijakusamehe."

"Sijaomba."

Kifungo kikamponyoka tena, akatukana. Kaka akapiga magoti, akaanza kumfunga kimoja kimoja. Mdogo alitazama ukutani, amekaza taya.

"Umeruka kimoja, mjinga wewe."

Kaka akafungua vyote, akaanza upya.

"Na kesho atanifunga nani?"

"Mimi."

"Na keshokutwa?"

Kaka alifunga kifungo cha mwisho. Alijua anachoulizwa, dada yao hakuwa mtu wa kuficha siri, na ya dawa ya panya alikwisha kuitoa.

"Nitakuja," alisema mwishowe.

Mdogo hakumshukuru. Alimsukumia kiatu kwa mguu, kamba zake zikiburuta sakafuni.