Wodi Yenye Kufuli Mbili

Wodi yetu mpya ya wazazi ilikamilika mwezi uleule ambao chama kilitangaza kura za mchujo. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake mbaya.

Ni wodi nzuri. Ina vitanda vinne vya kujifungulia, madirisha mapana yenye nyavu, na masinki mawili. Nimekuwa mkunga wa kituo hiki cha afya kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo maji ya kunawa yaliletwa kwa ndoo. Siku ya makabidhiano nilifungua bomba, nikalifunga, kisha nikalifungua tena. Muuguzi mwenzangu alinicheka.

"Utalichosha hilo bomba kabla mzazi wa kwanza hajafika," alisema.

Kesho yake asubuhi tulikuta mlango una kufuli. Kufikia adhuhuri zilikuwa mbili.

Kufuli la chini liliwekwa na kambi ya Mkandarasi, ambaye kampuni yake ilijenga wodi. La juu liliwekwa na kambi ya Profesa, ambaye aliwatafuta wafadhili. Wote wawili walitaka chama kiwasimamishe kugombea ubunge, na kila mmoja alisema wodi ni kazi yake. Wakakubaliana jambo moja tu: atakayeshinda mchujo ndiye atakayeifungua. Mpaka hapo, asiwepo wa kuifungua peke yake.

"Ni wiki mbili tu, sista," waliniambia. "Vumilia."

Wiki mbili zikawa miezi saba. Kura za kwanza zilifutwa kwa sababu zilizidi idadi ya wanachama. Za pili Mkandarasi alishinda kwa kura nne, Profesa akakata rufaa, na rufaa ikapanda hadi makao makuu ikashuka tena kama barua iliyokosewa anwani. Za tatu ziliahirishwa mara mbili.

Ufunguo wa kufuli la juu alikabidhiwa mwenye bucha aliye mkabala na lango letu, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza sauti. Ufunguo wa kufuli la chini ulikaa kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu. Wifi ndiye mwenyekiti wa kamati ya akina mama ya Mkandarasi. Aliuvaa shingoni kwa utepe wa rangi ya chama, na alipokaa kula aliurudisha mgongoni usije ukaingia kwenye mchuzi.

Nataka kuwa mkweli kuhusu mchujo huo mrefu. Ulikuwa na faida, na wifi alizijua zote kwa moyo.

"Zamani tuliletewa jina kwenye bahasha, wifi," aliniambia Jumapili moja nyumbani kwao. "Tukaambiwa huyu ndiye, pigeni makofi. Tukapiga. Leo wanakuja wenyewe, wanakaa kwenye mkeka, wanaulizwa maswali mpaka jasho linawatoka. Hilo hulitaki?"

"Ninalitaka sana."

"Na hiyo wodi yako? Ilikuwa na tangi la maji? Haikuwa nalo. Mkandarasi akaleta tangi, Profesa akaleta jenereta. Mkandarasi akaleta magodoro, Profesa akaleta mizani. Wangemaliza kwa wiki mbili, ungepata hata nusu yake?"

Alisema kweli. Mchujo ungeisha mapema, tusingekuwa na jenereta. Mkandarasi asingelazimika kusimama mbele ya watu na kueleza kwa nini barabara aliyoitengeneza ilichukuliwa na mvua ya kwanza. Lakini mlango ule ulifunguliwa mara sita ndani ya miezi saba, na kila mara utaratibu ulikuwa uleule: wifi anafungua lake, mwenye bucha anafungua lake, kitu kinaingizwa, picha inapigwa, kufuli zinarudi. Mara sita kiliingia kitu. Hakuingia mzazi hata mmoja.

Wazazi waliendelea kujifungulia chumba cha zamani, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama foleni ya wagonjwa. Kitanda kikiwa na mtu, anayefuata hukaa kwenye benchi la korido, au hupelekwa hospitali kuu, mwendo wa saa moja na nusu.

Mwezi wa tano wa kufuli hizo alikuja mama wa chai, uchungu umemshika. Huuza chai kwenye lango letu, na kila asubuhi mimi hunywa kikombe chake cha kwanza. Kitanda kilikuwa na mtu. Nilituma ujumbe kwa wifi na kwa mwenye bucha kuomba funguo. Mwenye bucha alijibu kwamba atafungua wifi akifungua. Wifi alijibu kwamba hana ruhusa kutoka juu. Tukamweka mama wa chai kwenye gari la kukodi. Alirudi baada ya siku tatu, bila mtoto.

Mkandarasi na Profesa walihudhuria mazishi. Wote wawili walizungumza. Profesa alizungumza zaidi.

Mimi niliandika barua. Niliandikia tawi, wilaya, mganga mkuu, kisha nikaanza upya. Barua kumi na moja, zote zikiwa na tarehe, kumbukumbu namba na nakala kwa wahusika. Kaka yangu, ambaye ni fundi seremala na mtu wa maneno machache, alikuja kutengeneza benchi la korido, akasimama mbele ya mlango wa wodi akiutazama.

"Dada, umeuona mlango huu?"

"Nauona kila siku."

"Mkandarasi wao ameweka bawaba kwa nje. Bawaba tatu, skrubu nne nne. Dakika kumi tu."

"Mimi ni mtumishi wa umma, kaka. Sivunji milango."

"Nani kasema kuvunja? Ni skrubu." Akaokota randa yake, akaenda zake.

Nikaenda kuandika barua ya kumi na mbili. Sikuimaliza.

Mara ya saba ya kufunguliwa mlango ilikuwa iwe Alhamisi, saa nne asubuhi. Profesa alikuwa ameahidi mashine ya kuchemshia vifaa. Mashine ilitangulia kwenye gari, imefungwa utepe kama bibi harusi. Mwenyewe alikuwa bado njiani. Kambi zote mbili zilijaa uani, sare kwa sare, na wagonjwa walibanwa ukutani.

"Mashine ya mitumba hiyo!" alipiga kelele mtu wa Mkandarasi.

"Bora ya mitumba inayochemsha," mwenye bucha alijibu, "kuliko barabara inayoyeyuka!"

Watu walicheka. Hata mimi nilikaribia kucheka. Kisha nikamwona kaka yangu akiingia langoni, begani ana mfuko wa zana na mkononi amemshika binti yake. Binti alitembea hatua tano, akasimama, akaegemea nguzo, akapumua kwa mdomo. Nilihesabu muda hadi uchungu ulipomsimamisha tena. Hazikufika dakika tatu.

"Shangazi," aliniambia, "wamesema wiki ijayo, lakini huyu hataki kusubiri."

Kitanda cha chumba cha zamani kilikuwa na mama ambaye kondo la nyuma lilikuwa halijatoka, na mwenzangu alikuwa naye. Kwenye benchi la korido walikaa wagonjwa sita wa homa. Nilimpima binti wa kaka yangu nyuma ya pazia la chumba cha sindano. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja mlangoni pa wodi.

"Fungueni," nilisema. "Nina mzazi, na mtoto amekaa vibaya. Nahitaji kitanda chenye nafasi pande zote mbili, maji, na mwanga."

"Ni nani huyo mzazi?" aliuliza wifi.

"Mwanao."

Alishika ufunguo kifuani. Niliona mkono wake ukienda kwenye kufuli. Nitasema hivyo kwa haki yake: mkono ulikwenda. Kisha akatazama watu wake nyuma yake, na simu zilizoinuliwa kupiga picha, na mkono ukasimama.

"Aanze yeye," alisema, akimwonyesha mwenye bucha kwa kidevu. "Nikianza mimi watasema kambi yetu imesalimu amri. Picha itafika wilayani kabla ya saa sita."

"Mimi namsubiri Profesa," alisema mwenye bucha. "Yupo darajani pale. Dakika ishirini, sista. Mwanamke hazai kwa dakika ishirini."

"Umezaa mara ngapi wewe?" sauti ilitoka nyuma. Alikuwa mama wa chai, birika mkononi.

Watu wakacheka tena. Mwenye bucha hakucheka.

"Usinitukane, mama. Utaratibu ni utaratibu. Tulikubaliana kwa maandishi."

"Wifi," nilisema, "nitazame mimi. Usiwatazame hao."

"Nakutazama, wifi. Mwambie yeye aanze. Sekunde moja tu, aanze yeye."

"Mama!" Binti aliita kutoka chumba cha sindano. Hakuita kwa nguvu.

Wifi aliyafumba macho. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake, umbali wa shibiri moja kutoka kwenye kufuli, na haukusogea.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda, na nakiri kwamba sehemu kubwa ilikuwa juu yangu mwenyewe. Niliwaona watu wazima wapatao sitini, wenye akili zao, wamesimama mbele ya vitanda vinne vitupu wakisubiri nani aanze. Nami nilikuwa nimesimama nao miezi saba, kalamu mkononi.

"Kaka," nilisema, "nipe bisibisi."

Alikuwa ameshaishika. "Niache nifanye mimi, dada. Ni kazi yangu."

"Hapana. Kosa liwe langu."

Nilianza na bawaba ya chini. Skrubu za Mkandarasi zilikuwa fupi kuliko zilivyopaswa kuwa. Zilitoka upesi kuliko kaka alivyokadiria. Mama wa chai alipiga magoti kando yangu, akakinga kikombe. Kila skrubu ilidondoka ndani ya kile kikombe cha bati, na uani waliisikia.

"Hiyo ni mali ya chama!" mwenye bucha alipata sauti yake baada ya skrubu ya tano.

"Kufuli lako nimeligusa?"

"Hujaligusa, lakini..."

"Basi nyamaza, nahesabu."

Ilipotoka ya kumi na mbili, kaka alishika mlango upande wa bawaba, akauvuta nje. Ukafunguka kinyumenyume, ukining'inia kwenye kufuli zao mbili kana kwamba ndizo bawaba zake. Aliingiza kipande cha ubao chini yake usilalie sakafu. Nilipita, nikafungua bomba, nikanawa hadi kwenye viwiko. Maji yalikuwa yanatoka.

Mtoto alizaliwa saa tano na robo, makalio kwanza, miguu, kisha mikono, na kichwa mwisho, kama alivyotaka mwenyewe. Alikaa kimya kwa muda ambao sipendi kuukumbuka. Nilimsugua mgongo, nikamsafisha pua, nikamsugua tena. Alipolia, uani waliacha kupigiana kelele. Ni msichana. Mizani ya Profesa ilisema kilo mbili na nusu, na alilala kwenye godoro la Mkandarasi. Sikuvikataa vitu vyao. Vilikuwa vizuri tangu mwanzo.

Nilipotoka nilimkuta wifi amesimama pale penye nafasi ya mlango, utepe umemkaa upande.

"Naweza kuingia?"

"Hakuna mlango, wifi. Ingia."

Aliingia.

Profesa alifika saa sita. Alipiga picha na mashine yake uani, akaondoka.

Wiki iliyofuata nilipokea barua kutoka ofisi ya mganga mkuu, nikitakiwa kujieleza kwa uharibifu wa mali. Kulikuwa na nakala ya malalamiko yaliyosababisha barua hiyo. Kwa mara ya kwanza katika miezi saba, kambi mbili zilikuwa zimeandika waraka mmoja na kuusaini pamoja. Waliafikiana kila nukta. Mwenye bucha alisaini upande wa kulia. Upande wa kushoto kulikuwa na saini ya wifi.

Nilimwendea.

"Nilisaini," alisema kabla sijauliza. Alikuwa amempakata mjukuu wake. "Wangenivua uenyekiti. Na uteuzi bado haujaisha, wifi. Nikitoka mimi sasa, nani atawauliza maswali?"

"Hayo ya maswali kamweleze mama wa chai."

Aliinamisha kichwa, akamrekebisha mtoto kofia. Kofia haikuhitaji kurekebishwa.

Kura za tatu zilipigwa mwezi uliopita. Zimefutwa. Nasikia za nne zitakuwa baada ya mvua, na nasikia pia kwamba uhamisho wangu unaandaliwa. Nimeshajibu barua. Nimeeleza kwamba kufuli zote mbili zipo mahali pake, zimefungwa, na hazijaguswa na mtu. Nimeambatanisha orodha ya wazazi kumi na saba waliojifungua tangu Alhamisi ile, pamoja na uzito wa kila mtoto.

Malalamiko yao yana ombi moja ambalo sikuweza kulitekeleza. Wanataka skrubu kumi na mbili zirudishwe ili mlango ufungwe kama awali, mpaka mgombea apatikane. Niliwajibu kwamba skrubu hazipo kwangu. Ziko kwa mama wa chai, ndani ya kikombe cha bati, kwenye meza yake pale langoni, na yeyote anayezihitaji akamwombe.

Meza ile iko hatua thelathini kutoka kwenye bucha. Mpaka leo hakuna aliyekwenda.